Hati Safi kwa Ajili ya Nani? Kisa cha SACCOS Moja na Mkaguzi Wake

Kisa hiki kilitokea Tanzania Bara miaka michache iliyopita. Majina na mji vimeondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa huku uwiano wake ukibaki karibu na ule wa awali. Nakitumia kufundishia wakaguzi vijana kwa sababu hakina jambazi wa kutisha wala benki kubwa iliyoanguka. Kina watu wa kawaida na kazi ya kawaida, na ndani yake swali ambalo taaluma yetu hulikwepa kwa kugawa madawati na kupiga picha: mhasibu aliyesajiliwa anawajibika kwa nani?

Usuli

Chama kilianza kama SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ya watumishi wa taasisi moja. Makato yalitoka moja kwa moja kwenye mshahara, mikopo ikarejeshwa bila usumbufu, na hesabu zikawa nyepesi. Baadaye kikafungua mlango kwa wafanyabiashara wadogo wa mji ule: mama lishe, mafundi, wauza vipuri, vijana wa bodaboda. Wanachama wakafika 2,100 hivi na wakopaji 640. Mikopo iliyokuwa nje ilikuwa shilingi bilioni 1.9. Mtaji wa chama, yaani hisa na malimbikizo, ulikuwa milioni 310. Fedha nyingine karibu zote zilikuwa akiba na amana za watu.

Kwa asiyeijua sekta hii, akiba ni ile mtu anayoiweka ili apate sifa ya kukopa, na kwa kawaida haitoki mpaka ajitoe uanachama. Amana za hiari hutoka mwenyewe akizihitaji. Shikilia tofauti hiyo, maana ndiyo iliyoamua nani aliumia. Jambo jingine ni kwamba bima ya amana inayomlinda mteja wa benki haimfikii mwanachama wa SACCOS. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeziweka SACCOS chini ya uangalizi wa Benki Kuu, nayo ikakasimu kazi hiyo kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Lakini afisa ushirika mwenye vyama kadhaa mkononi hana muda wa kufungua majalada ya mikopo 640. Anachosoma ni hati ya mkaguzi, yaani maoni yake kama hesabu zinaaminika.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa kampuni ndogo yenye wabia wawili na wasaidizi sita, imesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, ada milioni 4.5 kwa mwaka. Mwenyekiti wa bodi ya chama alikuwa mtu mwenye jina mjini, na ndiye aliyewaunganisha na wateja wengine watatu: shule binafsi, duka la jumla la dawa na mwenye mabasi. Hakuna karatasi hata moja kwenye jalada iliyotaja kwamba uhusiano huo ungeweza kuutia doa uhuru wa mkaguzi.

Mwaka wa kwanza: bahasha moja ya kaki

Mwaka wa kwanza chama kilipata hati safi. Ukilipitia jalada sasa, unakuta kazi imefanywa kwa mpangilio mzuri. Fomu zimejazwa, saini zipo, namba za marejeo zipo. Kuna kipengele cha kuthibitisha salio za mikopo, ambapo wanachama 18 waliandikiwa barua waeleze wanadaiwa kiasi gani.

Barua hizo zilikabidhiwa kwa meneja azisambaze. Siku nne baadaye zikarudi zote 18, kwenye bahasha moja ya kaki, na kila mwanachama amekubali salio lake hadi senti. Msaidizi akaandika pembeni: “Majibu 100%, hakuna tofauti.”

Aliyewahi kutuma barua hizi anajua kwamba zikirudi nusu yake umshukuru Mungu. Watu wamehama, wengine hawajibu, wengine wanabishia riba. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 505, ambacho Tanzania inakifuata, kinamtaka mkaguzi mwenyewe azidhibiti barua hizo tangu anapochagua wa kuandikiwa hadi jibu linapomfikia mkononi. Majibu kamilifu yaliyopitia kwa mtu anayekaguliwa yalipaswa kuamsha mtu. Badala yake yalihesabiwa kuwa ushahidi mzuri kuliko wote jaladani.

Mwaka wa pili: simu kwa mstaafu

Mwaka uliofuata, eneo la mikopo alipewa binti aliyekuwa bado anafanya mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu kamili. Aliona kwamba mikopo kadhaa mikubwa ililipwa yote tarehe 30 na 31 Desemba, kisha wiki ya kwanza ya Januari mtu yule yule akapewa mkopo mpya wa kiasi kile kile. Kulipa mwishoni mwa mwaka si kosa. Lakini malipo hayo hayakuonekana benki wala kwenye daftari la fedha taslimu. Yaliingizwa kwa vocha za marekebisho, na upande wa pili wa vocha ukaangukia kwenye akaunti iliyoitwa “fedha zilizo njiani”, ambayo kila Januari ilirudi sifuri. Kwa mtindo huo hakuna mkopo uliowahi kuonekana umechelewa.

Meneja alimpa orodha ya namba za simu za wakopaji. Akaiweka kando, akaenda stoo kuchukua fomu za kujiunga, zile za karatasi zenye picha ya pasipoti na dole gumba, akapiga namba zilizoandikwa humo. Nyingi hazikupatikana. Wa kwanza kupokea alikuwa muuguzi mstaafu.

“Mkopo gani tena, mwanangu? Mimi nilimaliza deni lao kabla sijastaafu. Hata kitabu ninacho.”

Kwenye mfumo mama yule alidaiwa milioni 9.6, mkopo uliohuishwa mara mbili tangu astaafu. Wadhamini wake walikuwa wale wale waliowadhamini wastaafu wengine sita.

Hadi mwisho wa juma alikuwa na mikopo 29 ya namna hiyo, jumla yake milioni 240. Wenye majina walikuwa wastaafu, wanachama waliohama na wengine waliokwisha kufariki. Pale fedha zilipoweza kufuatiliwa, ziliishia kwa meneja na wajumbe watatu wa bodi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa nani aambiwe. Kwa kawaida mkaguzi akihisi ubadhirifu hupanda ngazi moja juu ya anayehusika. Hapa ngazi ya juu ya meneja ilikuwa bodi, na ndani ya bodi wamo waliokula. Mbia aliyeongoza kazi akapeleka taarifa kwa Kamati ya Usimamizi, chombo kinachochaguliwa na mkutano mkuu mahususi kwa kuichunga bodi. Kwa muundo wa ushirika hapo ndipo mahali pake. Bahati mbaya mjumbe mmoja wa kamati alikuwa shemeji yake meneja, na jioni ile ile habari ikawa imefika kote isikotakiwa.

Kesho yake mwenyekiti akaomba kikao. Alikuja na mambo matatu. La kwanza lilikuwa pendekezo: mikopo ile iandikwe kuwa mikopo chechefu ya kawaida, yaani isiyolipika, ifutwe kidogo kidogo kwa miaka mitatu, funika kombe mwanaharamu apite. La pili, alilolisema akitabasamu, ni kwamba mkataba una mwaka mmoja tu umebaki na wale wateja watatu ni marafiki zake. Hayo mawili kila mkaguzi ameyasikia mahali.

La tatu ndilo lililomkosesha mbia usingizi. Mwenyekiti alisema: mkitoa hati mbaya, watu watakuja dirishani kudai fedha zao. Chama hakina fedha hizo, ziko kwenye mikopo. Kitakufa ndani ya mwezi. Mwenye nyumba ya ghorofa haumii. Ataumia mama lishe mnayedai kumtetea.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Chama cha kifedha husimama kwa imani, na taarifa ya mkaguzi yenyewe inaweza kuwa sababu ya mbio za watu kutoa fedha zao. Mbia aliyeongoza kazi alifikiria kujiuzulu. Kwenye taaluma yetu hiyo ndiyo njia yenye heshima: unaandika barua fupi, unataja “sababu zisizozuilika”, unatoka na mikono misafi. Mbia mwenzake akamkatalia. Alimwuliza, mkaguzi atakayekuja akituandikia kuuliza kama kuna sababu ya kitaaluma ya yeye kukataa kazi hii, tutamjibu nini? Kanuni za maadili zinamtaka anayeingia aulize. Wote wawili walijua kwamba jibu la kawaida ni mstari mmoja, “hatuna pingamizi”, na mchezo unaendelea mwaka mwingine, na wastaafu wengine wanakopeshwa bila kujua. Wakabaki.

Uamuzi uliofuata ulikuwa aina ya hati. Bodi ilikataa kurekebisha hesabu, kwa hiyo hati safi haikuwezekana. Ukitoa milioni 240 kwenye mtaji wa milioni 310 unabaki na 70, chama chembamba lakini kimesimama. Kwa hesabu hiyo wakachagua hati yenye shaka, wakaeleza kosa ni kiasi gani na liko wapi.

Mwisho, Mrajisi wa Vyama vya Ushirika, mtendaji mkuu wa ile Tume. Tangu Julai 2017 kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinampa mkaguzi nafasi ya kuiarifu mamlaka husika anapokutana na uvunjaji wa sheria unaogusa maslahi ya umma, bila kuhesabiwa amevunja usiri wa mteja. Mbia aliijua kanuni hiyo. Lakini desturi ya ofisi ilikuwa kuipa bodi siku 21 kujibu rasimu kabla ya kitu chochote kutoka nje, naye akaona ni haki kuifuata. Barua kwa Mrajisi Msaidizi wa mkoa ikaandikwa siku ya 22.

Mkutano mkuu na yaliyofuata

Mrajisi Msaidizi alituma afisa mkutanoni. Kwa kawaida taarifa ya mkaguzi husomwa mwishoni, watu wameshaanza kunusa pilau, na mtu mmoja hunyoosha mkono kusema ipitishwe. Safari hii mbia aliomba iwe ajenda ya mapema. Hakusoma ile taarifa ya Kiingereza ya kurasa 30 na zaidi. Alikuja na ukurasa mmoja wa Kiswahili: tunadai kiasi gani, nani hasa anadaiwa, kiasi gani hakina mdaiwa wa kweli, na mtaji umebaki kiasi gani.

Wazo bora zaidi lilitoka kwa yule binti. Kila mwanachama, alipokuwa akisaini mahudhurio mlangoni, alipewa karatasi ya salio zake: akiba, amana, mkopo, na majina ya aliowadhamini. Ndani ya saa moja watu zaidi ya 40 walikuwa wamesimama wakisema mkopo huu siujui, au sijawahi kumdhamini huyu. Hapo bodi haikuwa na la kubishania na mkaguzi tena. Ilikuwa inabishana na ukumbi.

Bodi ikaondolewa. Ukaguzi maalumu ulioagizwa na Mrajisi ukafikisha mikopo hewa milioni 330, zaidi ya mtaji wote wa chama. Suala la meneja likaenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Ukaguzi huo ukagundua pia kwamba katika zile siku 21 amana za hiari za milioni 90 zilitolewa. Wengi wa waliozitoa walikuwa ndugu wa wajumbe, wafanyakazi wa chama na marafiki wa karibu.

Chama hakikufa. Kwa miezi minane hakuna aliyeruhusiwa kutoa zaidi ya laki moja kwa mwezi, gawio likasitishwa, wanachama kama mia tatu wakaomba kujitoa na bado wanalipwa kwa awamu. Januari ile mzazi mwenye amana ya milioni mbili alishindwa kumlipia mtoto ada na kukopa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kampuni ya ukaguzi ilipoteza chama hicho na wawili kati ya wale wateja watatu. Binti akahamia benki.

Uchambuzi

Nianze na hoja ya mwenyekiti, maana vijana wengi ninaowafundisha huishiwa nguvu mbele yake. Alisema ukweli utaleta mbio dirishani. Mbio zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ubadhirifu wa kiasi kile haufichiki kwa wafanyakazi wala kwa shemeji wa meneja, kwa hiyo ukimya wa mkaguzi haukuwazuia watu kuchukua fedha. Uliamua tu nani atangulie. Waliotangulia waliondoka na milioni 90, na mama lishe akakuta dirisha la laki moja. Ukizitazama siku 21 kwa jicho hilo, ile iliyoonekana kuwa haki kwa bodi ilikuwa gharama kwa watu 2,000 ambao hawakuwa chumbani.

Bodi ina haki ya kujibu, hilo silipingi. Lakini kanuni hazitaji siku 21. Hiyo ni desturi ya ofisi iliyotengenezwa kwa ajili ya hoja za kawaida, kama vocha zisizo na viambatisho. Pale waliotajwa ndio wanaoshika funguo za sefu, barua kwa Mrajisi ilipaswa kwenda siku ile ile taarifa ilipokwenda kwa Kamati, ili mwenye mamlaka ya kusimamisha malipo makubwa ayasimamishe. Mkaguzi hana mamlaka hayo, na ndiyo maana kuwahi kwake kuna uzito mkubwa kuliko ukali wa maneno yake.

Hati yenye shaka nayo ilikuwa laini. Wakaguzi walijua kwamba simu nyingi hazikupokelewa, na mikopo mingi haikuguswa kabisa. Kosa lililothibitishwa lilikuwa milioni 240, lakini kila dalili ilionyesha kwamba mfumo mzima wa kurekodi marejesho umeoza. Kosa likishaenea hivyo, mahali pake ni hati isiyoridhisha, inayosema hesabu kwa ujumla haziaminiki, au kukataa kabisa kutoa maoni. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami. Wanasema mkaguzi athibitishe alichokiona na aishie hapo. Nawaelewa, ila msomaji wa hati yenye shaka huamini kwamba nje ya lile lililotajwa, mengine ni salama. Hapa hayakuwa salama, na mkaguzi alikuwa na kila sababu ya kulihofia hilo.

Kukataa kujiuzulu, kwa maoni yangu, ndio uamuzi uliookoa kilichookolewa. Kujiuzulu kunapendwa kwa sababu kunamwacha mkaguzi akijisikia mwadilifu bila kulipa chochote. Kanuni za maadili zinasema waziwazi kwamba alama ya taaluma hii ni kukubali wajibu wa kutenda kwa maslahi ya umma, na umma wa chama hiki ulikuwa na majina na vitabu vya akiba. Kuondoka kimya kungewaacha na hati safi ya mwaka wa kwanza kama neno la mwisho la mhasibu kuhusu fedha zao.

Na hati hiyo ya mwaka wa kwanza haisameheki kirahisi. Wanachama hudhani mkaguzi huhesabu kila shilingi, jambo ambalo si kweli na halijawahi kuwa kweli. Sampuli ya barua 18 inaweza kutetewa. Kumpa meneja barua zile hakuna utetezi. Vyama vya ushirika vya ukanda huu vimelipia sana uzembe wa aina hii. Majirani zetu wa Kenya mwanzoni mwa 2025 walisomewa ukaguzi maalumu wa KUSCCO, chombo cha juu cha SACCOS zao, uliotaja upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3 za nchi hiyo, na hesabu zenye saini ya mkaguzi aliyekuwa ameshafariki. Karatasi zote zilikuwa zimekamilika, hadi mtu alipouliza habari za mwenye saini.

Mwaka ule ule wa hati safi, kampuni ile ndogo ya ukaguzi ilichangia madawati katika shule moja ya msingi, na picha ikawekwa kwenye kalenda. Sina neno na madawati. Ila gharama yake ilitosha kuwafikia wakopaji mara kumi ya wale 18, na hilo lingekuwa jambo la manufaa zaidi kwa mji ule kuliko lolote lililopigwa picha.

Ada

Kampuni ilijitetea kwamba milioni 4.5 haziwezi kununua ukaguzi wa kina. Kuna ukweli hapo. Vyama vingi hutafuta mkaguzi kwa bei ya chini kabisa, na ada hupangwa na bodi ile ile inayokaguliwa. Mkaguzi mpya alilipeleka suala hilo mkutano mkuu akiwa na hesabu rahisi: nyongeza ya shilingi 500 kwa kila mwanachama ni zaidi ya milioni moja, inayotosha kulipia muda wa kuwapigia simu wakopaji wote 640 kwa namba za kwenye fomu zao, na nauli ya kuwafuata wasiopatikana. Wajumbe wachache walilalamika kwamba chama kimeshawakamua vya kutosha. Pendekezo likapita, kwa sharti kwamba majibu ya simu hizo yabandikwe ukutani ofisini, bila majina, wiki mbili kabla ya mkutano.